Seva Isikae Kichwani mwa Mtu Mmoja

Hotuba kwa mafundi wa kompyuta, wanafunzi na watunza ofisi, Soweto, Mbeya

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu na wadogo zangu, habari za asubuhi. Mliotoka Iringa na Njombe, kamwene. Mliopanda Coaster za alfajiri kutoka Tukuyu na Kyela, ndaga fijo kwa kufika; ukungu wa leo pale Igawilo nimeuona mwenyewe.

Nimeombwa nizungumzie kusakinisha Docker, programu inayofungia mifumo ya kompyuta ndani ya makontena, kwenye seva, yaani kompyuta inayohudumia nyingine. Kazi yenyewe, bando likiwepo na mtandao ukikubali, inaisha kabla chai haijapoa. Ningeweza kuwaandikia amri chache ubaoni na kuketi. Lakini lipo jambo moja ambalo limenikaa rohoni kwa miaka kadhaa, na amri zote nitakazotaja ni watumishi wa jambo hilo. Nivumilieni nianzie mbali kidogo.

Ilikuwa msimu wa mvua. Simu iliita saa kumi na mbili asubuhi, kutoka zahanati moja ya huku kwetu nyanda za juu. Seva yao, ambayo ilikuwa kompyuta ya mezani iliyosukumwa chini ya meza ya mapokezi, haikuwaka. Nilifika, nikafungua, diski imekufa. Nikamuuliza mganga mfawidhi kama wana nakala ya data. Alikuwa nayo, kwenye flashi, ya jana yake jioni. Mama yule alikuwa akiitoa kila siku kabla ya kufunga ofisi, bila kukosa, na flashi akiiweka kwenye mkoba wake. Nikafurahi, nikajiambia kazi hii ni ya nusu siku.

Ilichukua siku nane.

Data tulikuwa nayo mkononi, ila hakuna mtu duniani aliyejua mfumo ule ulifungwaje. Ulitaka toleo gani la lugha ya PHP? Kanzidata, yaani ghala la data, ya mwaka gani? Maktaba zipi ziliongezwa, na mstari upi ulibadilishwa kwenye faili lipi la mipangilio? Kijana aliyeufunga, hodari kweli kweli, alikuwa amepata kazi Mwanza miaka miwili nyuma. Nilimpigia. Alinipokea vizuri na akanieleza ukweli: "Dada, nilihangaika nao wiki mbili, mwisho ukakubali. Sikumbuki kilichoukubalisha ni kipi." Kwa siku nane wagonjwa waliandikwa kwenye madaftari. Mama mjamzito mmoja, ambaye kumbukumbu zake zote zilikuwa ndani ya ile flashi, aliulizwa upya kila kitu tangu mahudhurio ya kwanza, na kundi lake la damu likabidi lipimwe tena kwa sababu hakulijua. Nilikuwa nimeketi hatua tatu kutoka kwake, taarifa zake ninazo, na siwezi kuzisoma.

Tangu wiki ile nimeshikilia msimamo mmoja: usakinishaji ambao fundi mwingine hawezi kuurudia kesho haujakamilika, hata kama mfumo unafanya kazi vizuri leo. Docker naipenda kwa sababu hiyo. Sina sababu nyingine kubwa.

Sasa, kontena ni nini? Wana Mbeya hatuna haja ya kulifikiria sana. Simama Uyole kando ya barabara kuu, uhesabu malori yanayoelekea Tunduma. Dereva hajapanga vitu vilivyo ndani ya boksi alilobeba, na hahitaji kuvipanga. Zamani meli ilipakuliwa gunia kwa gunia, pipa kwa pipa, migongoni mwa wachukuzi. Tarehe 26 Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston, Marekani, ikiwa na makontena 58 juu yake, na tangu hapo biashara ya mizigo duniani haikurudi ilikokuwa.

Ila mfano ninaoupenda zaidi uko Kidatu. Reli yetu ya TAZARA, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa upana wa milimita 1,067, sawa na reli za Zambia. Reli ya Kati ya zamani ina upana wa milimita 1,000. Tofauti ni milimita 67 tu, upana wa vidole vitatu au vinne, na hiyo inatosha: behewa la huku haliwezi kutembea kule. Zinakutana Kidatu. Mzigo wa magunia unaofika pale lazima upakuliwe na kupakiwa upya. Kontena linanyanyuliwa, linawekwa juu ya behewa la reli ya pili, mlango wake haujaguswa.

Seva zetu zinatofautiana hivyo hivyo. Hii ina mfumo endeshi wa Ubuntu wa mwaka jana, ile ina Debian ya miaka mitano iliyopita, zote za familia ya Linux, kila moja na maktaba za matoleo yake. Programu iliyolelewa kwenye moja inakataa kwenye nyingine kwa tofauti ya vidole vitatu. Docker, neno ambalo kwa Kiingereza ni mchukuzi wa bandarini, inakufungia programu pamoja na kila inachokihitaji, toleo kwa toleo, kuwa kitu kimoja kinachoitwa imeji. Imeji ukiiwasha inakuwa kontena. Seva yoyote yenye Docker inaipokea ilivyo.

Wengine mnajua mashine pepe, zile za VirtualBox. Mashine pepe hubeba mfumo endeshi mzima ndani yake, ni kama kumpa kila mpangaji nyumba yake. Kontena linakaa chumba ndani ya nyumba moja: linatumia kerneli, yaani kiini cha mfumo, cha seva yenyewe, ila kila kontena linaoneshwa mafaili yake, mtandao wake na programu zake peke yake. Ndiyo maana kompyuta ya zamani yenye RAM ya GB 4, ambayo ingelemewa na mashine pepe mbili, inabeba makontena kadhaa bila kulalamika. Kwa ofisi zetu hilo si jambo dogo. Na hapo hapo kuna mpaka wake: kontena la Linux linataka kerneli ya Linux. Ukikuta ofisi ina Windows Server usidhani utapakua Docker Desktop ya kwenye laptopu yako ukaiweka pale; watengenezaji wenyewe wanasema haitumiki kwenye Windows za seva. Ushauri wangu kwa ofisi ndogo ni kuitafutia Docker mashine yake yenye Linux.

Wazo la kutenga programu ni la zamani kuliko wengi mlioketi hapa. Mfumo endeshi wa Unix ulipata amri ya chroot mwaka 1979. Mfumo wa FreeBSD ukaleta "jela" zake mwaka 2000. Uwezo wa kupimia kundi la programu sehemu yake ya kumbukumbu na prosesa uliingia kwenye kerneli ya Linux mwaka 2008. Vipande vilikuwepo, ila kuviunganisha ilikuwa kazi ya wataalamu wachache. Machi 2013, kwenye PyCon, mkutano wa watumiaji wa lugha ya Python, huko Santa Clara, Marekani, Solomon Hykes wa kampuni ya dotCloud alipanda jukwaani kwa dakika chache akaonyesha Docker. Kitu kilichohitaji mtaalamu kikawa amri moja. Sisi tunaofanya kazi Mbozi na Makete tunafaidi dakika zile chache mpaka leo.

Basi tuingie kazini.

Mfumo wa seva. Chukua Ubuntu Server toleo la LTS, yaani la huduma ya muda mrefu, kwa mfano 24.04 iliyotoka Aprili 2024, inayohudumiwa kwa miaka mitano, au Debian iliyo imara. Mnaotunza mashine zenye CentOS 7, mjue huduma yake ilifikia kikomo tarehe 30 Juni 2024. Hameni, na msiwekee kitu kipya juu yake. Wanaotumia familia ya Red Hat watakutana na Podman, ambayo tangu toleo la 8 la Red Hat la mwaka 2019 ndiyo imewekwa mahali pa Docker. Amri zake nyingi zinafanana, hutapotea.

Kabla hujagusa chochote, angalia saa. Nasema hili kwanza kwa sababu sijaliona kwenye mwongozo wowote, na ndilo linalowapotezea muda mafundi wa huku kuliko mengine yote. Seva zetu nyingi ni kompyuta zilizokwishatumika. Betri ndogo ya duara kwenye ubao mama, ile CR2032, imekufa zamani. Umeme ukikatika, saa ya mashine inarudi nyuma miaka. Unaiwasha, unaanza kupakua, na apt, programu inayopakua na kusakinisha vifurushi, inakujibu kwa Kiingereza chake kwamba faili la ghala la vifurushi bado halijaanza kutumika. Au muunganisho unakataliwa kwa sababu cheti cha usalama, kwa hesabu ya mashine yako, ni cha wakati ujao. Fundi anabadilisha rauta, anabadilisha laini, anapiga mfumo upya, siku imekwisha. Kijana mmoja alinipigia kutoka Mbalizi karibu alie. Nikamwambia aandike timedatectl, amri inayoonyesha saa na tarehe ya mashine. Mashine ilikuwa inaamini ni mwaka 2015. Betri ile inapatikana Mwanjelwa kwa mafundi saa. Ibadilishe kabla ya kufanya lolote.

La pili ni unapochukulia mzigo, maana Docker ina majina yanayochanganya. Miaka ile ya mwanzo kwenye Debian kulikuwa na kifurushi kingine kabisa kinachoitwa docker, kijiprogramu cha kuonyesha alama ndogo pembeni mwa skrini. Kwa hiyo Docker tunayoizungumzia iliingizwa kwa jina docker.io. Hiyo inatunzwa na watu wa Debian na Ubuntu. Iliyotoka kwa watengenezaji wenyewe inaitwa docker-ce. Ipo na ya tatu, ya snap, njia nyingine ya Ubuntu ya kufunga programu, ambayo kisakinishi cha Ubuntu Server kinakuonyesha mwishoni kabisa kwenye orodha ya nyongeza, nawe kwa uchovu unaiwekea alama. Mimi natumia docker-ce. Mwingine akitumia docker.io simkatazi. Ninachokataza ni kuziweka mbili kwenye mashine moja. Utawasha kontena leo, kesho hulioni, kumbe limewashwa na Docker ya kwanza nawe unaiuliza ya pili. Kwa hiyo ondoa kwanza chochote kilichotangulia: docker.io, podman-docker, containerd, runc, na ile ya snap.

Halafu unaongeza ufunguo wa saini wa Docker kwenye folda ya /etc/apt/keyrings, unaandika anwani ya ghala lao, unasema apt update, kisha unasakinisha docker-ce, docker-ce-cli, containerd.io, docker-buildx-plugin na docker-compose-plugin. Mistari kamili mnayo kwenye karatasi mlizopewa mlangoni.

Kwenye ule ufunguo nisimame kidogo. Mmeona lakiri kwenye milango ya makontena yanayovuka Tunduma. Ofisa wa forodha akikuta lakiri imekatwa, gari linawekwa pembeni. Ufunguo wa saini ni hiyo lakiri: seva yako inahakikisha kwamba kifurushi kilichofika ndicho kilichotumwa, hakuna aliyekifungua njiani. Kuna njia ya mkato ya kupakua skripti moja na kuiendesha papo hapo kwa mamlaka ya juu kabisa. Docker wenyewe wanasema skripti hiyo isitumike kwenye seva za kazi. Kwenye laptopu ya kujifunzia, sawa. Kwenye mashine yenye taarifa za wagonjwa au akiba za wanachama, hapana, na nawaomba mnielewe kwamba sitabadilika kwenye hilo.

Ukimaliza, andika sudo docker run hello-world (sudo ni kuomba mamlaka ya juu kabisa), utapata salamu. Imekubali.

Mtasoma mahali pengi kwamba ili kuepuka kuandika sudo kila mara umwongeze mtumiaji kwenye kundi la docker. Inafanya kazi. Ila mtu aliye kwenye kundi hilo anaweza kuwasha kontena lililounganishwa na diski nzima ya seva, akasoma na kubadilisha kila kitu kilichomo. Umempa ufunguo wa nyumba yote. Mpe unayemwamini na nyumba yote, na wawe wachache.

Sasa nifike kwenye data, na hapa nitawaeleza kosa langu.

Kontena limeumbwa lifutwe. Ukitaka toleo jipya unafuta la zamani, unawasha lingine. Ulichoandika ndani ya kontena kinafutika nalo. Kwa hiyo data inawekwa nje, kwenye eneo ambalo Docker inaliita volyumu, linalobaki hata kontena likiondoka. Hilo nilikuwa nalijua. Nilikuwa nimemfungia mfumo chama kimoja cha wakulima wa kahawa, msimu wa mavuno umechanganya, mizani inaingizwa kila siku: jina la mkulima, kilo, tarehe. Jioni moja nikataka kuzima makontena na kuyawasha upya. Amri yake ni docker compose down; Compose ni sehemu ya Docker inayoendesha makontena ya mfumo mmoja kwa pamoja. Kwenye amri nyingi nilizozizoea, ukiongeza herufi v mashine inakuelezea kwa urefu inachokifanya. Nikaiongeza. Kwenye amri hii herufi hiyo ina maana nyingine: futa na volyumu.

Haikuuliza swali. Ilichukua sekunde mbili. Nakala ya mwisho ilikuwa ya siku sita nyuma, kwa sababu nilikuwa nimepanga ifanyike mara moja kwa wiki nikaona inatosha.

Nilikwenda kwa katibu nikamweleza usiku ule ule. Asubuhi alituma ujumbe kwa viongozi wa vijiji, na wakulima wakaja na stakabadhi zao. Mzee mmoja alikuwa ametembea tangu alfajiri, karatasi zake zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni, akaziweka mezani kwangu moja moja. "Binti, hizi hapa zote. Hesabu tena." Tuliingiza siku sita upya kwa mikono, watu wanne, na hakuna kilo ya mkulima iliyopotea, kwa sababu kila mmoja wao alitunza karatasi yake kuliko nilivyotunza seva. Sikuweza kumtazama usoni mzee yule. Sasa nakala inatoka kila usiku kwa pg_dump, amri ya kunakili kanzidata ya PostgreSQL, inakwenda kwenye mashine ya pili iliyo jengo jingine, na kila mwezi nairudisha kwenye kompyuta ya majaribio nione kama inafunguka. Volyumu si nakala rudufu. Iko kwenye diski ile ile, itakufa na diski ile ile.

Lingine ambalo limewaponza wengi ni ukuta wa kinga. Mnatumia ufw, programu ya ukuta huo kwenye Ubuntu, mnafunga milango yote ya mtandao, mnaacha wa SSH, yaani wa kuingilia mkiwa mbali, na wa tovuti, mnalala. Kisha mnawasha kanzidata kwenye kontena na kuandika 5432:5432, namba ya mlango wake, ili programu iifikie. Docker inaandika kanuni zake yenyewe za kupitisha mtandao, na trafiki ya makontena inapitishwa kabla haijafika kwenye kanuni za ufw. Ni kama umeweka askari getini, halafu mgeni anaingizwa kwa mlango wa uani. Ukiuliza ufw status itakuambia mlango umefungwa, nayo haidanganyi, kwa sababu inaeleza geti lake tu.

Niliitwa na ofisi moja inayotunza akiba za watu, wakisema mfumo umekuwa mzito. Seva yao ilikuwa na anwani ya moja kwa moja kwenye intaneti. Nikatoka nje hadi barabarani, nikatumia bando la simu yangu, nikagonga mlango 5432. Ukafunguka. Kule ndani kulikuwa na majina, namba za simu, na salio la kila mwanachama, na nywila ilikuwa jina la ofisi na tarakimu tatu. Tangu tarehe 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika nchini. Lakini hata sheria isingekuwepo, yule mama anayeweka elfu tano kila Ijumaa hakuja kwenu ili salio lake lisomwe na mtu wa mbali. Dawa ni maneno machache: andika 127.0.0.1:5432:5432, na kanzidata itasikiliza ndani ya seva peke yake. Kama kanzidata na programu ziko kwenye mradi mmoja wa Compose, hata mlango huo hauhitajiki, zinaonana zenyewe kwa majina.

Haraka haraka, mambo mawili. Logi za makontena, yaani kumbukumbu za matukio yake, usipoziwekea kikomo, zinakua mpaka zijaze diski. Weka max-size na max-file kwenye /etc/docker/daemon.json, na ujue yatawahusu makontena yatakayoundwa baada ya hapo. Na usiandike latest mahali pa toleo, andika namba. Aliyeandika postgres:latest ataamka siku moja amevutiwa toleo kubwa jipya, nalo litakataa kufungua data ya toleo la nyuma.

Umeme. Hapa kwetu radi za masika hazihitaji maelezo. Kila kontena la kazi liandikiwe restart: unless-stopped, ili seva ikirudi nalo lirudi. Kisha ingia kwenye BIOS, mipangilio ya kompyuta yenyewe kabla mfumo haujawaka, utafute ile inayoamua mashine ifanye nini umeme unaporejea, uiambie iwake. Mlinzi wa usiku asilazimike kubonyeza kitu. Na nunueni UPS, betri ya akiba, hata ndogo, ili kanzidata ipate dakika za kuandika ilichoshika.

Nije kwenye intaneti, ambako kwa maoni yangu makontena yametufaa watu wa milimani kuliko yalivyowafaa watu wa mijini. Ukienda ndani ndani huko Makete au Ileje, kupakua MB 500 ni kazi ya mchana mzima, bando likiisha katikati unaanza na moyo mzito. Fanya hivi: hapa mjini, kwenye mtandao mzuri, vuta imeji zote, kisha docker save, unapata faili moja. Weka kwenye flashi, panda gari. Ukifika, docker load. Imeji ile ile, haijabadilika hata herufi, imepanda mlima ndani ya mfuko wa shati. Angalia tu laptopu yako ni ya aina gani. Mac mpya zenye prosesa ya ARM zinavuta imeji za ARM, na seva ya Intel haitaziwasha. Ongeza --platform linux/amd64 unapovuta.

Nirudi sasa zahanati, nilikoanzia. Seva yao mpya naitunza mpaka leo. Mfumo wao wote, ambao zamani ulikuwa kichwani mwa kijana aliyehamia Mwanza, umekaa kwenye faili moja liitwalo compose.yaml. Sehemu ya kanzidata ni hii hapa ukutani:

services:
  kanzidata:
    image: postgres:16
    restart: unless-stopped
    env_file: siri.env
    volumes:
      - data_wagonjwa:/var/lib/postgresql/data

volumes:
  data_wagonjwa:

Isomeni polepole. Toleo gani? 16. Umeme ukirudi? Inawaka. Nywila ziko wapi? Kwenye faili la siri.env, ambalo halibandikwi ukutani wala halitumwi kwa mtu; nakala yake iko kwenye bahasha iliyofungwa kwenye kabati la mganga mfawidhi. Data inakaa wapi? Kwenye data_wagonjwa. Maswali yaliyonichukua siku nane yana majibu kwenye mistari isiyozidi kumi, na mashine inaisoma mistari hiyo hiyo, kwa hiyo haiwezi kusema hivi nayo ikafanya vile. Karatasi ya maelezo tuliyokuwa tunaandika zamani ilizeeka siku ya pili, fundi akibadilisha kitu akasahau kuandika. Hili faili ukitaka kubadilisha mfumo lazima ulibadilishe lenyewe.

Nimelichapisha, nimeligandisha kwa gundi ya karatasi upande wa ndani wa mlango wa kabati la seva. Flashi yenye imeji iko kwenye droo, imeandikwa tarehe. Mwaka jana, wakati wa kiangazi, nilifanya jaribio kwa ruhusa yao. Nilimleta binti wa mwaka wa pili chuoni, hajawahi kuiona zahanati ile, nikampa kompyuta tupu yenye Ubuntu, flashi, bahasha na ile karatasi ya mlangoni. Nikatoka nje nikakaa kwenye benchi na akina mama wa kliniki. Hakuniuliza kitu hata kimoja. Alitoka baada ya dakika arobaini na tano, mganga mfawidhi amekwishafungua kumbukumbu ya mgonjwa wa kwanza kwenye mashine mpya. Mama yule hakusema neno, alimshika binti mkono akampeleka kwenye chai.

Wadogo zangu, najua kuna anayewaza kwamba akiandika kila kitu atakuwa amejitoa kazini, kwamba wasipomhitaji hawatamlipa. Nimewahi kuwaza hivyo, na nilikuwa na watoto wa kusomesha. Ninachoweza kuwashuhudia ni kwamba ofisi zinazoniita leo zinaniita kwa sababu zahanati ile iliwaambia kwamba nilichowafungia hata nisipokuwepo kinafungika tena. Kazi ipo nyingi kuliko sisi. Kuna vituo vya afya, AMCOS, SACCOS na shule kuanzia hapa mpaka Mafinga zenye kompyuta chini ya meza na fundi asiyepatikana kwa simu.

Saa yangu inakaribia kwisha. Mbele ya kila meza kuna mashine tupu yenye Ubuntu Server na flashi yenye vifurushi na imeji, kwa hiyo hatutategemea mtandao wa ukumbi. Kaeni wawili wawili, mmoja aandike amri, mwenzake aandike kwa mkono kila kinachofanyika, na baada ya nusu saa tutabadilishana mashine: kila meza itafunga mfumo kwa karatasi ya meza nyingine.

Msisakinishe kitu bado. Washeni, ingieni, andikeni timedatectl. Ambaye mashine yake inasoma mwaka mwingine anyooshe mkono; betri ninazo hapa kwenye begi.